Chupa ya Maji na Daftari la Wodi

 Nakushukuruni, ndugu wasikilizaji, kwa kunikaribisha majumbani mwenu saa hii ambayo aghalabu mtu huwa ameketi barazani akipunga upepo, au yumo jikoni akingoja wali ukauke, au yu safarini ndani ya basi na redio ya dereva ndiyo inayomfikishia maneno yetu. Mazungumzo ya leo yanahusu hospitali. Sikusudii kuzungumza juu ya uchache wa vitanda wala uhaba wa dawa, maana kila mmoja wetu anayajua mambo hayo na ana kisa chake cha kuyasimulia. Nakusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo mgonjwa halioni kabisa anapopita mlangoni, nalo nitaliweka kwa njia ya swali. Hospitali inajuaje kwamba tiba inayoitoa inaponya?

Nalirudia swali hilo, kwa kuwa ndilo litakalotushughulisha jioni hii yote. Hospitali inajuaje kwamba tiba inayoitoa inaponya?

Pengine msikilizaji mmoja atajibu upesi kwamba daktari amesoma miaka mingi, na kile alichosomeshwa ndicho anachokitenda. Mwingine atasema kwamba wagonjwa huingia wamebebwa na hutoka kwa miguu yao wenyewe, basi ushahidi gani tena unaotakiwa? Majibu yote mawili yana haki yake, wala mimi siyadharau. Lakini niruhusuni kwanza nikuhadithieni habari ya kweli, iliyotokea katika hospitali zetu wenyewe za Afrika Mashariki, ambayo huenda baadhi yenu mlikuwa na watoto wenu ndani yake, halafu tuyapime majibu hayo upya.

Nani miongoni mwetu asiyeijua dripu? Mgonjwa akirudi kutoka hospitali, majirani wanaokuja kumpa pole hawakawii kumwuliza, “Je, walikutundikia maji?” Akijibu kwamba alitundikiwa chupa tatu, watu huridhika nafsi zao, wakajua kwamba mwenzao ameshughulikiwa ipasavyo, lakini akijibu kwamba alipewa vidonge katika bahasha ya karatasi akaambiwa aende zake, basi hospitali ile hushushwa cheo barazani jioni ile ile, hata kama vidonge vile ndivyo vilivyokuwa dawa yake hasa. Chupa inayoning'inia, na tone linalofuata tone, vina haiba kubwa machoni mwetu, na mzazi anayemwona mwanawe amefungwa mpira mkononi huona kwamba sasa kuna jambo linalofanyika.

Wala si sisi raia peke yetu tulioiamini chupa hiyo. Kwa miaka mingi vitabu vya utabibu vilifundisha kwamba mtoto anayeletwa na homa kali, ambaye mikono na miguu yake imepoa ilhali mwili unawaka, ambaye mapigo yake ni dhaifu, na ukimbonyeza ncha ya kidole ukaachia, damu huchelewa kurudi, basi mzunguko wa damu yake umelegea, na imempasa tabibu amtilie maji mengi mshipani kwa haraka, katika muda wa saa moja au pungufu ya hapo, ili mishipa ijae na moyo upate cha kusukuma. Mantiki yake ilikuwa safi. Katika hospitali za nchi tajiri ndiyo iliyokuwa desturi isiyohojiwa. Na katika hospitali zetu, ambako aghalabu haikutekelezwa kwa sababu ya uchache wa wauguzi na vifaa, wapo waliodhani kwamba watoto wetu wanapotea kwa kukosa tiba hiyo, na kwamba lau ingepatikana kwa wingi, vifo vingepungua.

Ndipo watafiti walioongozwa na Profesa Kathryn Maitland, tabibu wa watoto aliyekuwa akifanya kazi Kilifi, walipoazimia kuipima imani hiyo. Kuanzia mwaka 2009, hospitali 6 zilishiriki: Kilifi katika pwani ya Kenya, Hospitali Teule ya Muheza katika mkoa wa Tanga, na huko Uganda Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Watoto zaidi ya 3,000 waliofikishwa hospitalini katika hali ya hatari waliingizwa katika utafiti. Wote walipewa matibabu ambayo hali zao zilihitaji, dawa za malaria, dawa za kuua vijidudu, oksijeni na damu. Walitofautiana katika jambo moja tu. Kundi la kwanza lilitiliwa maji ya chumvi kwa haraka, kundi la pili likatiliwa kwa haraka maji yenye albumini, yaani protini ya damu, na kundi la tatu halikutiliwa maji ya haraka hata kidogo, bali maji ya taratibu ya kuutosha mwili usikauke. Na mtoto aende kundi lipi, halikuwa jambo la daktari kuamua wala la mzazi kuchagua. Liliamuliwa kwa kura.

Najua kwamba neno hili la kura limemshtua mtu. Mama mmoja huko aliko anajiuliza, “Je, ni insafu kumpigia mtoto mgonjwa kura?” Swali lake ni la haki, na nitamjibu kwa kadiri ya ufahamu wangu. Kura hutumika kwa sababu moyo wa daktari una huruma, na huruma huchagua. Akiachiwa hiari, atampa dawa mpya yule anayemwona yu taabani zaidi, au pengine yule anayemwona bado ana nguvu za kuistahimili. Na mwisho wa mambo, makundi yakilinganishwa, hakuna atakayejua kama tofauti imeletwa na dawa au imeletwa na uchaguzi. Kura haina huruma wala chuki, na kwa hiyo huyafanya makundi yafanane. Lakini kura hiyo ni halali kwa sharti moja, nalo ni kwamba hakuna ajuaye kwa yakini njia ipi ndiyo bora. Siku inapojulikana, kura imekwisha.

Na kweli ilikwisha. Katika utafiti wa namna hii huwapo kamati huru, iliyo mbali na wodi, ambayo peke yake ndiyo inayoruhusiwa kuzitazama hesabu za makundi kabla kazi haijamalizika, ili ikiona dhara lolote ipige marufuku. Mwezi wa Januari mwaka 2011 kamati hiyo ilishauri kwamba watoto wengine wasiingizwe tena, na kazi ikasimamishwa kabla ya idadi iliyokusudiwa kutimia. Kulikuwa na nini? Katika kila watoto 100 waliotiliwa maji ya haraka, walifariki 10 au 11 ndani ya siku mbili. Na katika kila watoto 100 ambao hawakutiliwa, walifariki 7.

Tafadhali nisikilizeni vizuri hapa. Ile chupa iliyotazamwa na wote kuwa rehema, watabibu kwa wazazi, ilikuwa ikiondoa roho za watoto watatu zaidi katika kila mia. Watatu katika kila mia. Na haikuwa kwa uzembe wa mtu wala kwa uovu wa mtu. Iliondoa roho hizo mikononi mwa watu waliokesha wakiwahangaikia.

Sasa turudi kwenye majibu yetu mawili. Yule aliyesema kwamba daktari ametenda alichosomeshwa, hakukosea. Lakini alichosomeshwa ndicho kilichokuwa na kasoro. Na yule aliyesema kwamba tuwatazame wagonjwa wanaotoka kwa miguu yao, tumwulize: je, muuguzi wa zamu, aliyesimama kando ya kitanda usiku kucha, angeliwezaje kuiona hasara hiyo? Mtoto aliyetiliwa maji akapona, muuguzi alisema, “Maji yamemwokoa.” Mtoto aliyetiliwa maji akafa, muuguzi alisema, “Maskini, alichelewa kuletwa, ugonjwa ulikwisha kumzidi.” Kila kisa kiliithibitisha imani iliyokuwapo, na miaka mia ya tajriba ya aina hiyo isingelimfundisha mtu neno. Jicho la binadamu mmoja, hata liwe jicho la tabibu mwerevu na mcha Mungu, haliwezi kuona watatu katika mia. Anayeona ni daftari.

Hapa sina budi kuweka onyo, maana redio husikilizwa nusu nusu, na mtu huingia mazungumzo yakiwa katikati akatoka na jambo lililopinduka. Utafiti huo haukusema kwamba dripu ni sumu. Watoto wanaoharisha hata macho yakazama na ngozi ikikunjwa hairudi upesi, hao hawakuingizwa katika utafiti kabisa, na kwao maji, ya kunywa au ya mshipani kwa amri ya daktari, ni uhai wenyewe. Kadhalika mtoto aliyeishiwa damu huhitaji damu. Asitoke mtu hapa akaenda kumchomoa mwanawe dripu kwa sababu ya maneno yangu. Uamuzi ni wa wanaomtibu. Neno langu ni kwamba wanaomtibu nao wanahitaji kuongozwa na kitu imara kuliko mazoea.

Wala msidhani kwamba hesabu ilipopatikana tu mambo yaligeuka siku ya pili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011, wakazuka mabingwa wa mbali walioyapinga, wengine kwa hoja nzuri na wengine, kwa maoni yangu, kwa sababu tu ni vigumu kuambiwa na hospitali ya Muheza au Soroti kwamba kitabu chako kina kosa; na Shirika la Afya Duniani likautoa mwongozo wake uliorekebishwa mwaka 2016. Miaka mitano si michache kwa mtoto aliye taabani.

Nitapita haraka katika mfano wa pili, kwa kuwa wengi wenu mnao mwilini. Nani asiyeikumbuka kwinini, na uchungu wake, na masikio yaliyovuma kama kwamba nyuki wameingia kichwani? Kwa vizazi vingi ndiyo iliyokuwa ngao yetu dhidi ya malaria kali. Kisha hospitali 11 katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Kilifi, Muheza na Korogwe, ziliwagawa watoto zaidi ya 5,000 kwa kura, nusu wakapewa kwinini na nusu wakapewa sindano ya artesunate, dawa ambayo asili yake ni mmea wa Kichina. Mwaka 2010 hesabu ilitolewa, ikaonekana kwamba vifo vya waliopewa artesunate vilikuwa pungufu kwa zaidi ya moja ya tano. Leo mtoto wako akiingia hospitali amezimia kwa malaria, sindano atakayochomwa imeidhinishwa kwa ushahidi uliotolewa, pamoja na wengine, na watoto wa Tanga na wa Kilifi. Hatuwajui majina yao, na adabu ya utafiti inataka tusiwajue. Lakini wapo, na wengine sasa ni vijana wazima, pengine mmoja wao ndiye kondakta wa basi hilo unalosafiria.

Ndugu wasikilizaji, mpaka hapa nimezungumza juu ya tafiti kubwa zenye fedha na maprofesa. Sasa natamani tuingie katika jambo dogo zaidi, ambalo mimi nalithamini zaidi, nalo ni ile karatasi ya kila siku.

Mtu akiingia katika masjala ya hospitali nyingi zetu, ataona mafaili yamerundikana hata dari, mengine yamefungwa kwa kamba ya katani, mengine pembe zake zimeliwa na mchwa. Afungue moja lolote la wodi ya watoto. Ataona jina, tarehe, na mwandiko wa haraka unaosema: “Homa siku tatu, anatapika.” Kisha majina ya dawa. Je, mtoto alikuwa na uzito gani? Haikuandikwa. Alikuwa akivuta pumzi ngapi kwa dakika moja? Haikuandikwa. Alikuwa na fahamu zake, anaitika akiitwa, au anashtuka tu akifinywa? Haikuandikwa. Na dawa za watoto, kama mjuavyo, hukadiriwa kwa uzito. Basi ikiwa uzito haukuandikwa, kipimo cha dawa kilitoka wapi? Kilitoka kichwani mwa mtu aliyechoka, katika saa ya tisa ya usiku, mwenye watoto wengine kumi wanaomngoja.

Mwenye duka asiyeandika madeni yake huweza kuuza kutwa nzima akafunga mlango kwa furaha, asijue kwamba anafilisika mpaka siku rafu zimekuwa tupu. Hospitali isiyoandika hali yake ndiyo hiyo hiyo, isipokuwa hasara yake hailipiki.

Huko Kenya, uchunguzi uliofanywa katika hospitali za wilaya ulionyesha jambo hilo hilo, kwamba mambo ya msingi mara nyingi hayakuandikwa. Na kuanzia mwaka 2013 hospitali kadhaa za kaunti, pamoja na Wizara ya Afya, chama cha madaktari wa watoto na watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba, yaani KEMRI, na washirika wao wa Wellcome Trust, walijiunga katika mtandao mmoja wa kukusanya habari za wodi za watoto. Kazi yenyewe haina ajabu yoyote ukiitazama. Mtoto akilazwa, daktari huijaza fomu moja inayofanana katika hospitali zote, yenye visanduku: umri, uzito, joto, mapigo, pumzi, kifua kinabonyea au hakibonyei, anaweza kunyonya au hawezi. Mtoto akiruhusiwa, au akifariki, karani hulichukua faili lake akayatia yaliyomo katika kompyuta. Baada ya miezi michache hospitali hupewa picha yake yenyewe: hivi ndivyo mlivyowapima watoto uzito, hivi ndivyo mlivyotoa dawa kwa kipimo kilicho sawa, na hivi ndivyo wenzenu wa kaunti nyingine walivyofanya. Madaktari na wauguzi hukaa pamoja, wakaitazama, wakaulizana.

Je, imefaa? Imefaa, kwa kiasi, nami sipendi kukupambieni. Visanduku vilianza kujazwa vizuri zaidi. Lakini kubadili namna ya kutibu kumekuwa kazi nzito kuliko kubadili namna ya kuandika, maana desturi ya wodi ina mizizi, na muuguzi mmoja aliye na watoto thelathini hawezi kubadilishwa na picha iliyochorwa na kompyuta akawa wauguzi watatu. Huu ndio upungufu wa takwimu. Humwonyesha mtu mahali panapovuja, haziezeki.

Na hata hivyo, tazameni daftari lililotunzwa kwa subira linavyoweza kufika mbali. Kituo cha utafiti cha Kilifi kiliasisiwa mwaka 1989 ndani ya hospitali ya serikali, na kuanzia mwaka 1998 kila mtoto aliyelazwa hapo alitolewa damu kidogo ikapandwa katika maabara, kuona kama ina bakteria. Kila mtoto, si wale tu waliotiliwa shaka. Katika mwaka 2000 wakaanza pia kuwahesabu wakazi wa vijiji vinavyoizunguka hospitali, nyumba kwa nyumba, watu zaidi ya laki mbili, na kuirudia hesabu hiyo mara kwa mara. Matokeo? Kwanza ilidhihirika kwamba katika wodi ambayo kila homa ilidhaniwa ni malaria, zaidi ya robo ya watoto waliofia hospitalini walikuwa na bakteria katika damu yao. Kisha, Kenya ilipoleta chanjo dhidi ya bakteria wa Hib mwaka 2001 na wa nimokoko mwaka 2011, daftari lile lile lilionyesha maradhi yanayoletwa na bakteria hao yakididimia mwaka baada ya mwaka. Waziri wa fedha anayeulizwa kwa nini chanjo hii ya gharama iendelee kununuliwa, hapo ana jibu la kushika mkononi.

Basi sasa nije kwenye damu yenyewe, maana najua baadhi yenu mmekunja nyuso tangu niliposema kwamba kila mtoto alitolewa damu. Sisi watu wa pwani na wa bara yake tulikua tukisikia habari za mumiani, wale waliosemwa kuvizia njiani usiku na kuinyonya damu ya watu ili itengenezwe dawa, na hata leo gari geni likionekana kijijini jioni wapo wazazi wanaowaita watoto ndani. Watafiti wa Kilifi wameandika wao wenyewe kwamba uvumi wa namna hiyo uliwafuata. Mtu mjuaji akisikia hucheka. Mimi sicheki. Watu walioishi chini ya serikali isiyowauliza chochote, wakaona mtu mwenye koti jeupe akichukua kitu cha miilini mwao bila kueleza anakipeleka wapi, walikuwa na kila sababu ya kubuni kisa cha kulielezea jambo hilo. Na dawa ya uvumi ni maelezo. Kilifi walilazimika kujifunza kuketi na wananchi, wakawa na wawakilishi waliochaguliwa na vijiji vyenyewe, ili swali liulizwe na lipate wa kulijibu.

Zipo pia sheria na kamati za kutulinda. Kenya na Tanzania zote mbili zilianzisha taasisi zao za taifa za utafiti wa tiba mwaka 1979, na utafiti wowote wa haki juu ya binadamu sharti upate idhini ya kamati ya maadili kabla mgonjwa wa kwanza hajaguswa. Ridhaa ya mgonjwa ni sharti lisilo na badala. Katika ule utafiti wa maji, ambapo mtoto aliletwa akitweta na hapakuwa na nafasi ya kusoma kurasa za maelezo, wazazi waliombwa kwanza idhini fupi ya mdomo, kisha hatari ilipopita wakaelezwa kwa utulivu na kuombwa idhini kamili. Wapo wanaoona kwamba hiyo haitoshi; wapo wanaoona kwamba kumlazimisha mama asome fomu ilhali mwanawe anakata roho ni ukatili zaidi. Mimi niko pamoja na hawa wa pili, lakini nakiri kwamba jambo lenyewe ni zito.

Kuunga mkono utafiti hakumaanishi kumsifu kila mtafiti. Kuna watafiti huja, wakachukua, wakaenda zao, na matokeo yakachapishwa kwa lugha ya kigeni katika jarida ambalo muuguzi aliyezitoa takwimu hana fedha za kulinunua. Kuna hospitali ambamo chumba cha utafiti kina jokofu na umeme wa akiba, na wodi iliyo upande wa pili wa ukuta huo huo haina hata kipima joto kinachofanya kazi. Huo ni udhalimu. Mtafiti mwenye adabu huiacha wodi ikiwa bora kuliko alivyoikuta, na huwarudia wanakijiji kwa lugha yao kuwaambia lililopatikana, hata likiwa si lile alilolitarajia.

Kwa hiyo, wasikilizaji wapenzi, nina maombi. Kwenu waheshimiwa madiwani, na nyinyi mnaokaa katika kamati na bodi za hospitali: bajeti inapokatwa, karani wa takwimu ndiye wa kwanza kuondolewa, kwa sababu hachomi sindano na hakuna mgonjwa atakayemlilia. Mwacheni. Bila yeye hamtajua kama sindano mnazozinunua zinaponya. Kwenu wauguzi na matabibu mlio zamu usiku huu na redio imewekwa chini kidogo dirishani: kisanduku kile kidogo cha uzito kina haki sawa na dawa.

Na kwako mama, baba, shangazi, bibi unayempeleka mjukuu kliniki. Ukiombwa umwingize mtoto katika utafiti, usikatae kwa woga wala usikubali kwa haya. Uliza wanataka kujua nini, watachukua kitu gani mwilini mwake na kitapelekwa wapi, na ukikataa je, atatibiwa vile vile? Jibu la swali hili la mwisho sharti liwe ndiyo. Likiwa kinyume cha hivyo, inuka ukaripoti. Kadi ya mtoto usiiache nyumbani, na usiruhusu itumike kufungia karanga. Na ukifika mbele ya daktari, ukaona ameanza kuandika dawa ilhali mtoto hajapandishwa mizani, mwambie kwa adabu, “Samahani daktari, huyu hajapimwa uzito.”

Kwa leo ni hayo. Mwenye swali au pingamizi atuandikie kwa anwani ya kipindi, nami nitamjibu hewani Mungu akipenda. Kwaherini, na usiku mwema.